Jua la Batha, Kivuli cha Jeddah: Historia ya Kuiga Mwanga wa Jua kwa Kompyuta

Ndani ya programu za kuchorea majengo na za michezo ya kompyuta, jua huitwa taa ya mwelekeo. Ni taa isiyo na mahali. Mchoraji anaweza kuiburuta kutoka pembe hii ya mchoro hadi ile na pasibadilike kitu. Lakini akiizungusha nyuzi tano tu, vivuli vya mji mzima huhama kwa pamoja. Balbu ya barazani ina mahali pake, na nuru yake hufifia kadiri mtu anavyoiacha nyuma. Taa ya mwelekeo haifanyi hivyo: miale yake huenda sambamba, na ukali wake ni uleule darini na uani. Sababu ni umbali. Jua liko karibu kilomita milioni 150 kutoka duniani, na kwa umbali huo nyumba iliyo mwanzo wa mtaa na ile iliyo mwisho wake huliona upande mmoja. Mtaa mzima humulikwa na mshale mmoja.

Mshale huo ni namba tatu tu katika kumbukumbu ya kompyuta, pamoja na namba za ukali na rangi. Lakini namba hizo tatu zina historia ya zaidi ya miaka elfu moja, na historia hiyo inasomeka vizuri ikifuatwa katika miji miwili ya Saudi Arabia ambayo Waafrika Mashariki wengi wanaijua kwa miguu yao. Wa kwanza ni Riyadh, kwenye mtaa wa Batha, uliochukua jina la bonde lililokuwa likipita mashariki ya mji wa kale. Leo Batha ni soko la wahamiaji. Siku ya Ijumaa wafanyakazi wa Asia na Afrika hujaa humo kununua simu, nguo na mabegi, na kutuma fedha na mizigo kwao. Wa pili ni Jeddah, lango la mahujaji, ambako mji wa kale wa Al-Balad umejengwa kwa mawe ya matumbawe kama ulivyojengwa Mji Mkongwe wa Unguja na kama ilivyojengwa Lamu.

Kati ya miji hiyo miwili unapita mstari wa Tropiki ya Kansa, na mstari huo ndio unaotenganisha jua la Batha na jua la Jeddah. Batha iko nyuzi 24.6 kaskazini ya ikweta, Jeddah nyuzi 21.5, na mstari wenyewe uko nyuzi 23.4. Kwa hiyo jua halifiki kamwe juu ya utosi wa mtu aliyesimama Batha. Tarehe 21 Juni, adhuhuri, hukaribia sana, likabakisha nyuzi moja na kidogo upande wa kusini. Siku hiyo jengo la mita 20 linalopakana na barabara hutupa kivuli cha sentimita 40 hivi, kisichomtosha hata mtu mmoja kusimama. Mwishoni mwa Desemba jengo hilohilo, saa hiyohiyo, hutupa kivuli cha mita 22 na kuufunika mtaa. Jeddah mambo ni mengine. Kuanzia siku za mwisho za Mei hadi katikati ya Julai jua hupita upande wa kaskazini, na hukaa upande huo tangu macheo hadi machweo, hata ukuta unaotazama kusini usipate mwale mmoja wa moja kwa moja kwa wiki saba. Aliyezaliwa Pwani ya Afrika Mashariki hashangai, kwa kuwa Unguja nayo huona kivuli cha adhuhuri kikigeuka upande mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba.

Jambo hili Waislamu wa Pwani wanalijua kwa njia nyingine. Kila mwaka, karibu tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana na tarehe 16 Julai saa 6:27, jua huwa juu ya Kaaba. Anayeliona jua wakati huo, akiwa Mombasa au Istanbul, huweka fimbo wima ardhini, na upande unaotoka kwenye ncha ya kivuli kwenda kwenye fimbo ndio upande wa kibla. Saa za Makka na za Dar es Salaam ni zilezile, kwa hiyo hakuna haja hata ya kugeuza saa. Hiyo nayo ni taa ya mwelekeo: mshale mmoja, na kivuli kinachousoma.

Kivuli kilikuwa hesabu muda mrefu kabla hakijawa picha. Wakati wa sala ya alasiri, kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea Pwani na kwa ya Hanbali yanayofuatwa Najd, eneo la Riyadh, huingia pale kivuli cha kitu kinaporefuka kwa kiasi cha urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Sharti hilo lilidai majedwali. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Habash al-Hasib alikuwa ameshatengeneza jedwali la urefu wa vivuli kwa kila kimo cha jua. Neno la Kiarabu la kivuli, zill, likawa jina la uwiano ambao wanafunzi wa leo huujua kama tanjenti na kotanjenti. Karibu mwaka 1021 al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya vivuli, akiunganisha hisabati, ala za kupimia na nyakati za sala. Hesabu hiyo ingali hai. Jeddah, siku ambayo kivuli cha adhuhuri kimetoweka, alasiri huingia jua likiwa kwenye kimo cha nyuzi 45 kamili. Batha, mwishoni mwa Desemba, huingia jua likiwa limeshuka hadi nyuzi 25. Programu ya kompyuta inayopanga taa ya mwelekeo hutumia hesabu ya ukoo huohuo, ila tu inaianzia upande wa pili: hupewa saa, nayo hutafuta kivuli.

Aliyechunguza kivuli kama kitu cha kuonekana, si cha kupimia tu, ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanyia kazi zake kubwa Cairo mwanzoni mwa karne ya 11. Katika risala yake juu ya vivuli alitenganisha giza tupu, mahali pasipofikiwa na mwanga wowote, na kivuli, mahali paliponyimwa mwanga fulani huku pakipata mwingine. Kiswahili nacho kina mtengano wa jinsi hiyo: kivuli ni umbo linaloanguka ardhini, na uvuli ni ile hali ya kupumzikia chini ya mti. Wachoraji wa kompyuta walichukua miaka mingi kuigundua tena tofauti hiyo, kama itakavyoonekana.

Ulaya ilichangia vitu viwili. Cha kwanza ni kanuni ya Johann Heinrich Lambert, iliyochapishwa mwaka 1760: uso unaoutazama mwanga moja kwa moja hung'aa kikamilifu, na kadiri unavyoinama ndivyo mng'ao unavyopungua kwa kipimo cha kosaini ya pembe. Ndiyo maana jioni ukuta wa magharibi huwaka na sakafu ya uani hupooza, ingawa jua ni lilelile. Cha pili ni desturi ya shule ya École des Beaux-Arts ya Paris, ambako wanafunzi wa usanifu majengo walifundishwa kuchora vivuli kana kwamba mwanga unatoka juu kushoto kwa nyuzi 45 katika ramani na nyuzi 45 katika mandhari ya mbele. Jua la namna hiyo kwa kweli liko kwenye kimo cha nyuzi 35 hivi. Ni jua zuri la karatasini. Lilisafiri pamoja na vitabu vya usanifu duniani kote, na hata vitufe vya kompyuta za miaka ya 1990 vilichorwa vikiwa vimemulikwa kutoka juu kushoto. Lakini katika kiangazi cha Batha jua hupita kimo hicho asubuhi mapema na kukirudia alasiri sana. Kutwa nzima iliyobaki liko juu zaidi, na nyumba za Riyadh na Jeddah zilijengwa kwa ajili ya hilo la juu.

Ngome ya Masmak, umbali mfupi kutoka Batha, inaonyesha jinsi watu wa Najd walivyolikabili. Ni jengo la udongo la karne ya 19, lile lililotekwa na Abdulaziz Al Saud Januari 1902 katika safari ya kuunda dola ya Saudia. Kuta zake ni nene, wazi zake chache na ndogo, na katika ujenzi wa Najd matundu ya hewa na mwanga hukatwa kwa umbo la pembetatu. Ukuta kama huo ni rahisi kwa kompyuta: uso mpana, mwanga upande mmoja, kivuli upande wa pili, mpaka uliokatwa kama kwa kisu.

Majaribio ya kwanza ya kompyuta yalikuwa ya aina hiyo. Mwaka 1968 Arthur Appel wa kampuni ya IBM alieleza njia ya kuuliza, kwa kila nukta ya uso, kama kuna kitu kinachosimama kati yake na mwanga. Kwa kuwa mashine yake ya kuchorea ilitumia kalamu ya wino, weusi wa kivuli uliundwa kwa alama nyingi za kujumlisha zilizosongamana. Miaka michache baadaye, Chuo Kikuu cha Utah kilikuwa kitovu cha kazi hii. Henri Gouraud, mwaka 1971, alionyesha namna ya kulainisha mwanga juu ya uso uliojengwa kwa vipande bapa. Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, akaongeza mwaka 1973 njia ya kuhesabu mng'ao wa kitu kinachometa. Alifariki mwaka 1975 akiwa kijana, na jina lake lingali kwenye programu za leo. Katika kazi hizo zote kanuni ya Lambert ya mwaka 1760 ndiyo iliyokuwa msingi: chukua mshale wa jua, chukua mshale unaotoka wima kwenye uso, zidisha, pata mwangaza. Mfumo wa michoro wa OpenGL ulipotoka mwaka 1992, taa zote zilipewa namba nne za mahali. Ya nne ikiwa sifuri, kompyuta ilielewa kwamba taa hiyo haina mahali bali ina upande tu. Katika namba hiyo moja umbali wote wa jua ulikuwa umehesabiwa.

Hesabu hiyo ya mshale kwa mshale humulika uso bila kutupa kivuli. Sanduku lililo nyuma ya ukuta hung'aa kama ukuta haupo. Mwaka 1978 Lance Williams, katika New York Institute of Technology, alileta suluhisho linalotumika hadi leo, nalo ni ramani ya vivuli. Kompyuta kwanza huutazama mji kutoka upande wa jua na kuandika, kwa kila mwale, umbali wa kitu cha kwanza kinachogongwa. Kisha, inapochora picha kwa jicho la mtazamaji, huuliza kila nukta: je, uko mbali zaidi na jua kuliko kile kilichoandikwa? Kama ndiyo, kuna kitu kimekukinga, nawe uko kivulini. Kwa taa ya mwelekeo kazi huwa nyepesi zaidi, kwa maana jua huutazama mji bila mandhari kusinyaa kwa mbali. Kila kitu huonekana kwa ukubwa wake, kama kwenye ramani ya mjenzi.

Wepesi huo hukutana na mtihani wake Jeddah, kwenye nyumba za Al-Balad. Nyumba za wafanyabiashara wa mji huo ni ndefu, na mbele yake yamening'inia masanduku makubwa ya mbao, mengi ya msaji ulioletwa kutoka ng'ambo ya bahari, yenye kuta za kimia. Wenyeji huita sanduku moja roshan, na kwa wingi rawashin. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri. Roshani ya Unguja ni neno hilohilo, lenye asili ya Kiajemi katika ukoo wa maneno ya nuru na dirisha, na lilivuka bahari pamoja na mbao, mafundi na wenye nyumba. Roshani hufanya kazi ya feni, ya pazia na ya taa kwa wakati mmoja: huita upepo wa bahari, humficha aliye ndani, na hulivunja jua vipande vipande kabla halijafika sakafuni.

Vipande hivyo ndivyo vinavyoishinda ramani ya vivuli. Tuseme ramani ina miraba 2,048 kwa upande na inafunika mtaa wa mita 200. Kila mraba basi una karibu sentimita 10. Ubao wa kimia una sentimita mbili. Kwa kompyuta, ubao huo ama haupo kabisa, ama unaonekana hapa na kupotea pale, na mtazamaji akitembea sakafu nzima hutetemeka vidoadoa kama maji yanayochemka. Kuna makosa mengine yanayosumbua. Ramani huandika umbali kwa vipimo vyenye ukomo, hivyo uso huweza kujitia kivuli wenyewe na kujaa milia. Mchoraji huiondoa milia kwa kuusukuma mpaka wa kivuli nyuma kidogo. Akiusukuma mno, kivuli huachana na miguu ya mtu, na mtu huonekana akielea. Karibu mwaka 2006 na 2007 watafiti kadhaa walileta njia ya kuligawa eneo kwa tabaka, ramani yenye miraba midogo ikawekwa karibu na jicho na ile ya miraba mikubwa mbali. Ndiyo njia iliyowezesha michezo mingi ya kompyuta kuwa na jua la nje lenye kuaminika. Ukikaribia roshani, kimia chake hurudi.

Lakini hata kimia kikirudi kizima, taa ya mwelekeo tupu husema uongo mmoja. Jua si nukta. Linapotazamwa kutoka duniani ni duara lenye upana wa nusu ya nyuzi, na kwa hiyo kila ukingo wa kivuli una ukungu ambao upana wake ni karibu sehemu moja kati ya 107 ya umbali ambao mwanga umesafiri kutoka kwenye kikingio. Ukingo wa paa la mita 15, jua likiwa karibu na utosi, huanguka kichochoroni ukiwa na ukungu wa sentimita 14. Tundu la mraba la sentimita mbili kwenye kimia huchora mraba safi juu ya mto ulio kando yake. Mita mbili mbele, pembe zake zimeshaanza kufutika. Mita tano mbele, doa lililo sakafuni ni la duara, kwa kuwa halionyeshi tena sura ya tundu bali sura ya jua. Taa ya mwelekeo isiyo na upana ingeendelea kuchora miraba hadi mwisho wa dunia.

Jambo hilo linaonekana vizuri zaidi mbele ya Nyumba ya Nasif, iliyo maarufu kuliko zote Al-Balad. Ilijengwa kuanzia mwaka 1872 hadi 1881 kwa ajili ya tajiri Omar Nasif, na ndimo Abdulaziz alimokaa alipoingia Jeddah mwaka 1925. Mbele yake umesimama mwarobaini mkubwa, na kwa miaka mingi watu waliitambua kama nyumba yenye mti. Chini ya mwarobaini, kama chini ya mwarobaini wowote wa Malindi au Tanga, ardhi hujaa madoa ya mwanga ya duara ingawa nafasi kati ya majani hazina umbo hilo hata moja. Ibn al-Haytham alilieleza hili katika risala yake juu ya sura ya kupatwa kwa jua: tundu likiwa dogo vya kutosha, mwanga wa jua lililopatwa hutua ukiwa na umbo la mwezi mwandamo. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitapita juu ya Jeddah na Makka, na kabla jua halijafunikwa lote, ardhi iliyo chini ya mti huo itajaa miezi miandamo. Programu nyingi za leo humruhusu mchoraji kuweka upana wa jua kwa nyuzi. Blender, inayogawiwa bure, ina namba hiyo wazi kwenye taa yake ya jua. Namba moja ndogo, na sakafu ya roshani huacha kufanana na ubao wa dama.

Uongo wa pili ni wa giza. Katika picha za zamani za kompyuta kivuli kilikuwa cheusi kama lami, kwa kuwa hapakuwa na mwanga mwingine ila ule mshale. Anayepumzika kwenye uvuli wa mtaa wa Batha saa saba mchana anaweza kusoma gazeti bila shida, maana anga lote juu yake ni taa. Mwaka 1986 Tomoyuki Nishita na Eihachiro Nakamae wa Japani walionyesha namna ya kumulika vitu kwa mwanga wa anga zima. Mwaka 1999 Arcot Preetham, Peter Shirley na Brian Smits walitoa kanuni fupi ya rangi na mwangaza wa anga kwa kila upande, wakitumia namba moja inayopima uchafu wa hewa. Lukas Hosek na Alexander Wilkie, mjini Prague, waliiboresha mwaka 2012. Kwa Rasi ya Arabuni namba ya uchafu wa hewa ni muhimu kupita kiasi. Riyadh, vumbi likipanda, mbingu huwa nyeupe, jua hupoteza ukali na vivuli hupauka. Jeddah, unyevu wa Bahari ya Shamu hutandaza mwanga kwa namna yake. Picha za majengo mapya ya Saudia zinazosambazwa na watangazaji mara nyingi huwa na anga la buluu iliyoiva, na ni hasara, kwa maana jengo lililosanifiwa chini ya anga hilo litaishi chini ya jingine.

Umuhimu wa kujua upande hasa ulipo mshale ulikuja na programu za wasanifu. SketchUp, iliyotoka mwaka 2000 na kununuliwa na Google mwaka 2006, iliweka vitelezi viwili, cha mwezi na cha saa, na kila mchora ramani akaweza kulitembeza jua juu ya nyumba yake. Kwa wanaotaka usahihi mkubwa, Ibrahim Reda na Afshin Andreas wa maabara ya nishati ya Marekani walichapisha mwaka 2004 hesabu inayopata mahali pa jua kwa kosa la nyuzi 0.0003. Lakini usahihi wote huo hupotea mchoraji asipotaja longitudo. Saa ya Saudi Arabia imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki. Batha iko mashariki yake kidogo, kwa hiyo adhuhuri ya kweli huitangulia saa kwa wastani wa kama dakika saba. Jeddah iko magharibi mbali, nayo huchelewa kwa wastani wa dakika 23. Nchi moja, saa moja, na adhuhuri mbili zilizoachana kwa nusu saa. Kosa hilo hudhuru zaidi jua linapokuwa karibu na utosi. Tarehe 21 Juni Jeddah, saa inapogonga sita kamili, jua liko mashariki zaidi kuliko kaskazini na vivuli vimelala upande wa magharibi. Dakika 25 baadaye vinaelekea kusini barabara. Mchoraji aliyedhani saa sita ndiyo adhuhuri atakuwa ameumulika ukuta usio wake. Zamani, saa za Hijazi, eneo la Jeddah na Makka, zilipohesabiwa tangu machweo, kosa la namna hiyo lisingetokea, kama lisivyotokea kwa Mswahili wa kale aliyeanza saa zake kwa kuchomoza kwa jua.

Kazi ya kuhifadhi majengo ya kale sasa imeyakutanisha haya yote. Al-Balad iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2014. Ahmad Baik wa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz ameipima Nyumba ya Nasif kwa mashine za leza na kuigeuza kuwa mfano wa kompyuta wenye kila dirisha na kila roshani, pamoja na kuunda hazina ya vipande vya usanifu wa Hijazi ambavyo mchoraji mwingine anaweza kuvitumia. Afrika Mashariki ina kazi ya jinsi hiyo: Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliobeba neno la Kiswahili kuwa jina lake, umeyapima magofu ya Kilwa Kisiwani kwa njia hizohizo. Leza huleta umbo. Mwanga hauletwi na leza, na mfano uliomulikwa kutoka juu kushoto kwa nyuzi 45 hauwezi kumweleza mtazamaji kwa nini mjenzi wa Jeddah alitoboa kimia kikubwa upande huu na kidogo upande ule. Ukimulikwa kwa latitudo yake, tarehe yake na anga lake, mfano huohuo huonyesha wazi kila tundu lilimkinga nani na saa ngapi.

Kuna majengo mawili ambayo taa ya mwelekeo haiwezi kuyaeleza peke yake, na yote mawili hupitiwa na Waafrika Mashariki. La kwanza ni Jengo la Mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah, lililokamilika mwaka 1981 kwa usanifu wa kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill, akiwamo mhandisi Fazlur Khan mzaliwa wa Bengal, na kupata Tuzo ya Aga Khan mwaka 1983. Paa lake ni mahema 210 ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, kila moja likifunika mraba wa mita 45. Umbo la kitambaa kilichovutwa halichorwi kwa rula. Ilibidi kompyuta zilitafute kwa kuhesabu mvutano. Hujaji anayesubiri basi chini yake hayupo juani wala gizani. Kitambaa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga na kuiacha sehemu ndogo ipenye ikiwa imetawanyika, kama nuru ndani ya hema jeupe. Taa ya mwelekeo hujua vitu viwili tu, kupita au kuzuiwa, na kwa kitambaa hicho vyote viwili ni makosa. Hesabu ya kufuata mwanga unavyoruka na kupenya kutoka kitu hadi kitu iliwekwa katika mlinganyo mmoja na James Kajiya mwaka 1986, na mashine za wakati huo zilihitaji saa nyingi kwa picha moja. Kadi za michoro zenye uwezo wa kufuata miale papo hapo zilianza kuuzwa madukani mwaka 2018.

La pili liko Riyadh, mwendo mfupi wa miguu kutoka madukani Batha. Treni za chini ya ardhi za Riyadh zilianza kubeba abiria Desemba 2024, na njia ya buluu hufuata mstari wa Olaya na Batha. Kituo cha Qasr al-Hukm, kilichosanifiwa na kampuni ya Snøhetta ya Norway na kufunguliwa mwaka 2025, kina mwavuli mkubwa wa chuma kisichoshika kutu, uliopinda kama bakuli na kung'aa kama kioo. Kwa juu huwakinga watu na jua la kiwanjani. Kwa chini huunasa mwanga wa mchana na kuutuma shimoni hadi kwenye bustani iliyopandwa chini ya usawa wa barabara. Mshale mmoja wa jua, ukigonga chuma hicho kilichopinda, hutawanyika kuwa maelfu ya mishale inayoelekea kila upande, na kompyuta hulazimika kuufuata kila mmoja hadi unapotua kwenye jani, kwenye ngazi, au kwenye bega la abiria anayepanda kutoka treni na mfuko wake wa sokoni.